Mtazama Mkono

Wenzake kazini walimwita Mzee Nimeuona, na kwa miaka mingi hakuna aliyelitaja jina hilo kwa kejeli. Lilikuwa neno lake la kazi. Akilisema, watu waligusa vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu havigusi. Asipolisema, hata mkubwa wa kituo angekuja na tai yake na kukunja uso, hakuna ambaye angesogeza mguu.

Kituo chenyewe kilikuwa pembezoni mwa mji, kimezungushiwa uzio wa waya, na ardhi yake imemwagiwa kokoto ili majani yasiote. Humo ndimo umeme mkubwa unamoingia kutoka mbali kabla ya kugawiwa majumbani. Watu wengi hupita kando ya vituo vya namna hii maisha yao yote. Wanasikia ule mvumo, wanaona kibao chenye fuvu la kichwa, wanaharakisha. Hawakosei.

Ili kumwelewa mzee huyu inabidi kwanza kuielewa breka, na asiyependa mambo ya vyuma avumilie kidogo, hatutakaa hapo. Breka ni swichi kama ile iliyo ukutani kwako, ila hii imekua hadi ikampita mtu kimo. Kazi ni ile ile, kuushika umeme na kuuachia. Lakini vyuma vyake vinavyoshikana na kuachana vimefungiwa ndani ya nguzo za kauri, na hakuna jicho linaloviona. Chini ya nguzo kuna sanduku lenye springi nzito. Springi ikifyatuka, fimbo ya chuma huuvuta mkono ulio nje ya nguzo, na mkono huo ndio unaovivuta vile vyuma vya ndani. Mkono ukiwa juu, vyuma vimeshikana na umeme unapita. Ukiwa chini, vimeachana.

Sasa yule aliyeketi kwenye chumba cha taa, mbali na kokoto, atajuaje breka imefanya nini? Hapo ndipo inapoingia swichi saidizi, ambayo mafundi waliiita tu swichi ndogo. Imekaa ndani ya lile sanduku, haifiki hata ukubwa wa mkate, na imeunganishwa na mitambo ya springi. Mitambo ikigeuka, nayo hugeuka na kupeleka habari: taa nyekundu kama vyuma vimeshikana, kijani kama vimeachana. Wala si taa peke yake inayoisikiliza. Mbele ya breka kuna visu, vyuma virefu vilivyo wazi, ambavyo hufunguliwa kwa kuzungusha hendeli baada ya breka kumaliza kazi yake, ili kila mtu aone pengo kwa macho. Visu hivyo vina kufuli, na kufuli nalo linangoja ruhusa ya swichi ndogo. Nyumba nzima inamtegemea tarishi mmoja.

Visu havijui kukata umeme unaotembea. Mtu akivifungua huku breka bado imeshika, moto unaruka kutoka kisu hadi kisu kwa mlio ambao aliyeusikia hausahau, na aliyeshika hendeli amesimama chini yake kabisa, hana pa kukimbilia.

Na tarishi, hata akiwa mwaminifu, husema alichokiona tu. Swichi ndogo inaishi ndani ya sanduku na inasema habari za sanduku. Ile pini inayounganisha fimbo na mkono ikikatika, springi itafyatuka vizuri, swichi itageuka vizuri, taa itawaka kijani, kufuli litaachia, na kule juu mkono utakuwa umebaki pale pale, vyuma vimeshikana kama maharusi. Swichi haijadanganya. Imesema inachokijua, na inachokijua hakitoshi.

Hivyo ndivyo alivyokufa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, fundi aliyemwingiza kazini na kumfunza kila kitu. Taa ilikuwa kijani. Kufuli lilikuwa limeachia. Shemeji akazungusha hendeli. Mzee wetu, wakati huo kijana mwenye nywele nyingi na maneno mengi, alikuwa amesimama upande wa pili akikunja kamba. Alichokiona hakuwahi kukisimulia, hata kwa mkewe aliyekuwa na haki ya kujua. Nywele zilipungua taratibu kama za watu wengine, lakini maneno yalipungua siku ile ile.

Msibani watu walimwambia kwamba ajali haina kinga. Alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Aliposikia tena alisimama akasema, "Kinga ilikuwepo. Ilikuwa juu pale, na sisi sote hatukuinua kichwa." Kisha akatoka nje, na wazee wakasema ni uchungu tu, mwacheni.

Haukuwa uchungu tu. Aliporudi kazini aliwaambia wenzake kwamba kuanzia leo hendeli haizungushwi mpaka mtu mmoja aende nyuma ya breka, mahali pekee ambapo mkono unaonekana vizuri, autazame kwa macho yake mawili, anyanyue kiganja na kusema kwa sauti, "Nimeuona, uko chini." Na aliyeshika hendeli amjibu, "Umeuona wewe." Baada ya hapo ndipo azungushe. Hakuna kanuni yoyote iliyoandika hivyo. Ulikuwa utaratibu wa kituo kile, na wageni waliouchekea hawakucheka zaidi ya wiki moja. Jibu lile, "Umeuona wewe," lilikuwa na uzito wake. Maana yake ilikuwa kwamba roho yangu sasa iko machoni mwako.

Kazi ya kutazama ikawa yake. Mainjinia walikuja na kuondoka. Wa mwisho alikuwa mwanamke, mpole wa sauti lakini si mpole wa kazi, na alipouliza utaratibu ule umetoka wapi, mzee alimwambia kwa maneno machache. Injinia alitazama juu kwenye nguzo kwa muda, kisha akasema, "Basi uendelee, Mzee." Na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimamisha kazi kama neno halijasemwa.

Macho yalianza kumwacha nyumbani, mezani, kwenye chai.

"Leo umeamua kuinywesha meza?" mkewe alimuuliza, akichukua kitambaa.

"Kikombe hiki kina mdomo mdogo."

"Kikombe tunacho tangu tuoane. Mdomo wake haujabadilika."

Walikwenda hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi, kitakacholindwa ni kilichobaki. Akampa dawa ya matone. Njiani kurudi, mzee alimwambia mkewe asimwambie mtu, hata binti yao.

"Mficha maradhi," mkewe alianza.

"Kifo humuumbua. Najua. Hiyo methali niliisikia kabla yako."

"Uliisikia kwa sikio, basi. Kazini waambie."

"Niwaambie nini? Mimi pale ni macho. Sina kingine. Nikisema macho yamekwisha, nimebaki nani?"

"Umebaki mume wangu."

"Hiyo si kazi."

"Ungejua," mkewe alisema, "ungejua ilivyo kazi."

Walicheka wote wawili, na kwa kuwa walicheka, shauri likaishia hapo. Kicheko kina ubaya wake. Mara nyingi kinafunga mlango uliokuwa uachwe wazi.

Hakuwa mtu mwovu, na asiyewahi kuficha udhaifu wake mahali pa kazi na amhukumu. Kwa muda alijiambia kwamba bado anaona vya kutosha, na haukuwa uongo. Siku ya jua, akisimama mahali pake pa siku zote, mkono wa breka ulimjia kama mstari mweusi juu ya weupe wa mbingu. Mstari ukiwa umelala, alijua uko chini. Hilo lilimtosha kusema neno lake bila kujishitaki.

Kisha ikaja siku ya mvua. Ilikuwa mvua ya upepo, ile inayomwingia mtu ubavuni, na kazi ilikuwa kwenye breka ya tatu, iliyo kongwe kuliko zote. Aliyeshika hendeli alikuwa fundi wa makamo aliyeitwa Kobe, kwa kuwa hakuwahi kuharakisha kitu, hata kucheka. Ukimchekesha asubuhi, kicheko chake kingekufikia wakati wa chai. Alikuwa mtu wa watu, mlezi wa watoto wawili ambao mama yao alifariki, na kila jioni alionekana sokoni akichagua nyanya moja moja kama anayechagua mchumba.

Mzee alikwenda nyuma ya breka akainua uso. Nguzo ya kijivu, wingu la kijivu, mkono wa kijivu, na macho yake yakaongeza kijivu chao. Akapangusa uso. Akasogea kulia, akarudi. Hakukuwa na mstari. Kulikuwa na maji na ukungu.

"Mzee, umeenda kuutazama au kuuposa?" mmoja akapiga kelele kutoka kwenye mvua, na wengine wakacheka.

Njia ilikuwepo, tena fupi. Angesema, "Sioni." Lakini wangeuliza tangu lini, na swali hilo lingefuatwa na mengine. Alijiambia taa ni kijani. Alijiambia ameisikia springi ikifyatuka, nayo ilifyatuka kwa nguvu kama kawaida. Alijiambia, na hili ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba miaka hii yote kila alipoutazama aliukuta uko chini, kwa nini leo uwe juu? Akanyanyua kiganja.

"Nimeuona, uko chini!"

"Umeuona wewe," Kobe akajibu, akazungusha hendeli.

Visu viliachana kimya kimya. Hakuna kilichotokea. Mambo ya namna hii mara nyingi huwa hivyo, hakuna kinachotokea, na mtu anaanza kukichukua kutotokea huko kama ruhusa. Kazi ikafanyika, watu wakaenda kukausha nguo zao, na wakati wa chai Kobe alikicheka kile kichekesho cha kuposa. Mzee hakuweza kumtazama usoni. Nyumbani alikaa mbele ya chakula mpaka kikapoa, akamwambia mkewe kichwa kinamgonga.

Alijiapia kwamba hatarudia. Akajiapia pia kwamba atasema, ila si wiki hii. Wiki hii ikazaa nyingine.

Katikati ya hayo mkwe wake akahamishiwa kituoni pale. Alikuwa kijana mtulivu, fundi mzuri, aliyemwoa binti yake wa pekee muda si mrefu uliopita. Binti alikuja kumsalimia baba yake, akamkuta ameketi kizingitini, akaketi chini karibu naye kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Baba, nikwambie kitu? Kule alikokuwa zamani nilikuwa silali. Kila simu ikilia moyo unanidunda. Sasa yupo kwenu, nalala."

"Umeme ni ule ule, mwanangu."

"Umeme ni ule ule, lakini upo wewe."

Mzee alimpapasa kichwani. Mkewe alikuwa mlangoni akipepeta mchele, naye alipepeta kwa hasira mpaka punje nyingine zikaruka chini.

Siku ilipofika haikuwa na mvua wala wingu. Jua lilikuwa limewaka, kokoto zinametameta, siku ambayo hata mwenye macho hafifu angeona. Kazi ilikuwa breka ya tatu tena. Bega la Kobe lilikuwa na maumivu, amelifunga kitambaa, kwa hiyo Injinia alimpa mkwe hendeli na kumwambia Kobe asimame pembeni asaidie kwa macho. Kutoka chumba cha taa wakasema ni kijani. Springi ilikuwa imefyatuka, kila mtu aliisikia. Kufuli likalia kidogo, likaachia.

Mzee alikwenda mahali pake. Aliinua uso akitegemea ule mstari mweusi, na mstari haukuwepo. Palikuwa na mwanga tu, mweupe, mpana, kama shuka lililoanikwa mbele yake. Alifumba macho akayafumbua. Alisogea hadi kiatu chake kikagonga msingi wa zege. Shuka lilikuwa pale pale. Akaelewa kwamba kile kidogo daktari alichosema kitalindwa, nacho kimekwenda.

"Tayari, Baba," mkwe akaita.

Kazini kijana yule hakuwahi kumwita Baba, alimwita Mzee kama wengine. Lilimponyoka tu. Lakini lilimfikia mzee pale alipo likamkuta hana ngao. Alimsikia binti yake akisema, nalala. Alimwona shemeji yake, kwa kuwa watu wa namna hiyo huonekana hata na vipofu. Kiganja chake kilikuwa kimeshaanza kupanda chenyewe, kwa mazoea, na mdomo umeshaanza ile N ya mwanzo. Akakishusha kiganja kwa nguvu, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Sioni," akasema.

"Sogea kivulini, Mzee," Injinia akamwambia. "Jua linakupiga."

"Si jua." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Toa mikono kwenye hendeli, mwanangu. Toa! Macho yangu yamekwisha. Sioni mkono, sioni nguzo, hata wewe sikuoni."

Mkwe aliachia hendeli akarudi nyuma. Injinia alipita kando ya mzee, akasimama mahali pale pale, akainua uso wake, akakaa hivyo kwa muda usio mfupi.

"Nimeuona," akasema. "Uko chini."

"Umeuona wewe," mkwe akajibu.

Mkono ulikuwa chini, taa ilikuwa kweli, visu viliachana bila cheche. Kama mzee angesema neno lake kama kawaida, kijana angerudi kwa mkewe jioni vile vile. Mtu mwepesi angesema basi amejifedhehesha bure. Mzee alikuwa amekaa juu ya msingi wa zege, na moyoni mwake, ukiacha aibu, kulikuwa na kitu kama furaha. Amemwokoa mwanawe, hata kama hakukuwa na cha kumwokoa nacho. Furaha ile haikudumu.

Kobe alimwendea kwa mwendo wake ule wa polepole, bega limefungwa, akasimama mbele yake. Wengine walikuwa karibu. Hakuna aliyeondoka.

"Mzee."

"Naam."

"Ile siku ya mvua."

Mzee akainamisha uso.

"Siku ile hendeli nilishika mimi. Breka hii hii. Ulisema umeuona, nikakujibu umeuona wewe." Kobe alikuwa akiliweka kila neno mahali pake. "Uliuona?"

Angeweza kusema lolote. Mvua haina shahidi, na wote walikuwa tayari kumwamini, tena walikuwa wanamwombea aseme ndiyo. Mkwe wake alikuwa akimtazama. Lakini mtu aliyekwisha sema "Sioni" kwa ajili ya mtoto wake, kisha akaulizwa na baba wa watoto wengine, hana mahali pa kusimama. Alijua hivyo hata kabla Kobe hajamaliza kuuliza.

"Sikuuona," akasema.

Kobe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea hesabu aliyokuwa ameshaipiga mwenyewe.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema, wala hakumalizia. Kisha akasema, "Nina watoto wawili, Mzee. Hawana mwingine." Akageuka akaenda zake.

Jioni binti alikuja na macho mekundu, akampigia baba yake magoti kutaka kumshukuru. Mzee akamzuia mikono.

"Usinishukuru. Nimefanya kwa ajili ya wangu. Kwa wa mwenzangu sikufanya." Binti hakuelewa, na mama yake, aliyeelewa, akamchukua ndani.

Kazi iliishia pale. Injinia hakumfokea. Alimwambia tu kwamba kuanzia sasa watatazama watu wawili, mmoja baada ya mwingine, na mzee akasema ingefaa iwe hivyo tangu zamani. Wenzake walimfanyia kajisherehe ka kumuaga wakampa saa ya ukutani, kubwa, yenye namba za kung'aa. Wapo watu wanaompa kipofu saa kwa moyo mweupe kabisa. Aliipokea, akashukuru, na mkewe akaitundika mahali alipoweza kuisikia ikigonga. Kobe hakuja. Alituma salamu kwamba bega linauma.

Ikapita miezi. Mzee alijifunza nyumba yake upya kwa vidole, akajua kila mkato wa meza na kila kikombe chenye ufa. Kobe alikuwa akipita njia ya mbele ya nyumba akitoka sokoni. Mzee alimjua kwa mwendo, ule mburuto wa viatu usio na haraka. Viatu vilikuwa vikifika mbele ya mlango, vinapunguza kidogo, kisha vinaendelea. Mzee hakumwita. Hakuona kama ana haki ya kumwita.

Alasiri moja viatu havikuendelea.

"Hodi."

"Karibu," mke akasema, akasimama upesi kumsogezea kiti. "Karibu sana, shemeji. Nikutilie chai?"

"Hapana, dada. Sikai." Akakaa. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Saa ya ukutani ikagonga, na mke akaenda kutia chai ile ile iliyokataliwa.

"Wameifungua breka ya tatu," Kobe akasema. "Imezeeka, inafanyiwa matengenezo makubwa. Nimeifungua mimi na mkweo."

"Kheri."

"Lete mkono."

Mzee akanyoosha kiganja, na Kobe akaweka juu yake kitu kidogo kizito chenye ubaridi wa chuma. Mzee hakuhitaji kuambiwa. Vidole vyake vilikijua kitu kile kwa urefu wake na kwa kichwa chake cha mviringo. Ilikuwa pini ya mkono, ile inayounganisha fimbo iliyotoka sandukuni na mkono ulio juu. Akaipitisha chini ya kidole gumba, polepole, kutoka kichwani kwenda mwisho, na katikati kidole kikazama.

Akarudia. Kikazama tena. Pini ilikuwa imeliwa upande mmoja, imeliwa sana, na kilichobaki katikati kilikuwa chembamba kama waya wa kuanikia nguo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nilimuuliza Injinia. Anasema ulaji wa namna hii ni wa miaka mingi, si wa jana." Kobe akavuta pumzi. "Siku ile ya mvua ilikuwa hivi hivi, au karibu na hivi. Nilizungusha kwa hii."

Mzee akaifumba pini kiganjani.

"Nimetembea nayo mfukoni muda," Kobe akaendelea. "Kila nikipita hapa nasema leo naingia, namtupia. Nasema, mwache aishike ajue. Halafu naona nikikutupia nitakuwa nimefanya nini? Utaiokota tu." Akasogeza kiti. "Siku hizi mtazamaji ni mimi. Mimi kwanza, halafu mkweo. Kila nikinyanyua kiganja nasikia sauti yako. Mara ile ya mvua, mara ile ya jua. Zinakuja zote mbili. Nilitaka ujue hivyo."

"Na unatazama?"

"Natazama mpaka shingo inauma. Wananiita Kobe aliyeganda."

"Nisamehe," mzee akasema. Alikuwa akilitaka neno hilo litoke tangu ile siku, na lilipotoka lilikuwa fupi tu.

Kobe hakujibu upesi. Hakuwahi kujibu upesi kitu chochote, na mzee alingoja, akisikiliza. Alisikia kikombe kikiinuliwa kutoka mezani, chai ikinywewa, kikombe kikirudishwa chini.

"Naenda, watoto wananingoja," Kobe akasema. "Hiyo kaa nayo wewe."

Viatu vikavuka kizingiti vikaburuta njiani, bila haraka, mpaka visisikike tena. Mke alikuja kuchukua vikombe akamkuta mumewe ameketi vile vile, kidole gumba kimelala kwenye ile sehemu iliyoliwa.

"Nini hicho alichokuachia?"

"Shika uone."

Akaichukua, akaipapasa kama alivyomwona yeye akiipapasa. Alikuwa dada wa fundi na mke wa fundi, hakuhitaji kuelezwa sana. Mkono wake ukasimama.

"Nyembamba hivi?" akauliza.

"Nyembamba hivyo," akasema, na akanyoosha kiganja ili arudishiwe.